Joto Ghalani na Kilo Zinazopotea



Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo tumeurudia mara nyingi katika semina na mikutano yetu, na ni wa kweli. Hata hivyo ziko kilo ambazo hupotea hata pale ambapo daftari lipo, limejazwa vizuri na kutiwa sahihi na wote wanaohusika. Kilo hizo hazikuibwa na mtu wala hazikuliwa na panya. Zimechukuliwa na joto, na kwa kuwa wengi wetu hatukufundishwa jinsi joto lifanyavyo kazi yake, lawama humwangukia yule aliyeshika ufunguo wa ghala.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa lugha ya kawaida, joto ni nini, linasafiri vipi, na linafanya nini ndani ya gunia la mahindi. Msomaji asiogope kwamba hili ni somo la shuleni. Ni jambo la mizani, la leja, na wakati mwingine ni jambo la heshima ya mtu.

KISA KILICHONIFUNZA

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua ghala la chama kimoja cha msingi katika miinuko ya Karatu. Jina lake silitaji kwa kuwa halina faida kwa msomaji. Chama hicho kilipokea mahindi mwezi wa Agosti. Kila gunia lilipimwa kilo 100 mbele ya mwanachama mwenyewe, likashonwa, na stakabadhi ikatolewa. Mwishoni mwa Oktoba mnunuzi alipofika na magunia ya kwanza yakapandishwa mizanini, mshale ulisimama kwenye kilo 95.

Mkutano uliitishwa siku hiyohiyo. Mzee mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema: “Ndugu Mkaguzi, panya wa kwetu huku hawajui kushona gunia.” Watu walicheka, lakini hakuna aliyekosa kuelewa maana yake. Katibu aliketi mbele yetu akiangalia chini. Nami, nakiri mbele yenu, nilikuwa nimekwisha kuandika neno “wizi” katika daftari langu kwa penseli.

Kabla ya kuondoka niliomba kuingia tena ghalani. Nilipanda juu ya lundo, nikapenyeza mkono katikati ya magunia. Ndani mlikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, ilhali nje upepo wa Karatu ulikuwa wa baridi. Nilijiuliza: joto hili limetoka wapi? Hapakuwa na moto wala jua mle ndani. Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu, na majibu yake ndiyo ninayowaletea.

JOTO NA HALIJOTO

Jambo la kwanza ni kutofautisha maneno mawili ambayo katika mazungumzo huwa tunayachanganya. Joto ni nishati. Kila kitu, kiwe punje, maji au hewa, kimejengwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo hazitulii kamwe. Kitu kinapopata joto, chembe zake huongeza mwendo. Halijoto ni kipimo cha ukali wa mwendo huo, nacho husomwa katika kipimajoto kwa nyuzi za sentigredi.

Tuchukue mfano. Kikombe cha chai iliyotoka kuchemka kina halijoto kubwa kuliko pipa la maji ya uvuguvugu. Lakini ni kipi chenye nishati zaidi? Kupandisha halijoto ya kilo moja ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji kilojuli 4.2. Kikombe cha robo lita kilichopanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 95 kimepokea kilojuli 79 hivi. Pipa la lita 200 lililopanda kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 30 tu limepokea kilojuli 8,400, yaani zaidi ya mara mia moja. Vivyo hivyo cheche zinazoruka kwenye jiwe la fundi wa vyuma zina halijoto kali sana, lakini zikiangukia mkono haziunguzi, kwa kuwa kila moja ina joto dogo mno.

Wilayani Ngorongoro tunao mfano mwingine ambao wageni husafiri kutoka mbali kuja kuuona. Mlima Ol Doinyo Lengai hutoa uji wa mawe wenye halijoto ya nyuzi 500 hadi 600 hivi, ilhali uji wa volkano nyingine nyingi huzidi nyuzi 1,100. Ndiyo maana uji wa Lengai mchana huonekana mweusi kama matope, wala hauwaki kwa wekundu mkali. Kwa hiyo kuita kitu “cha moto” hakutoshi. Yafaa kuuliza: ni nyuzi ngapi, na ni joto kiasi gani?

Kwa mtunza ghala maana yake ni hii. Lundo la magunia 200 likipanda kwa nyuzi 10 tu limebeba joto jingi sana, na joto hilo halitaondoka kwa kufungua mlango nusu saa.

NJIA TATU ZA SAFARI YA JOTO

Joto siku zote hutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo, kama maji yateremkavyo mlima. Hupita katika njia tatu.

Njia ya kwanza ni mpitisho. Chembe zenye mwendo mkali huzisukuma zile za jirani, nazo huzisukuma zinazofuata. Ukiacha kijiko cha chuma ndani ya sufuria ya uji, mkono wako utakuambia upesi kwamba chuma hupitisha joto vizuri, na mwiko wa mti haupitishi. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida kuliko hata mti. Blanketi zito avaalo mchungaji kwenye kingo za kreta alfajiri halitengenezi joto lolote. Huishika hewa isiende, nayo hewa huzuia joto la mwili kutoroka.

Wazee wetu waliijua elimu hii kwa matendo. Nyumba za kale za Wairaqw, zilizochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo mnene, ziliwakinga na maadui, lakini pia zilikuwa kinga ya baridi. Udongo ule ulipokea joto la mchana polepole na kulirudisha polepole usiku. Nyumba za Wamasai, zenye kuta za fito zilizokandikwa kwa samadi ya ng'ombe, nazo hupunguza kasi ya joto kupenya. Bati tulilolipokea baadaye linazuia mvua vizuri sana, lakini kwa upande wa joto halina kizuizi: mchana ni tanuri, usiku ni barafu.

Sasa fikirini gunia la mahindi. Kati ya punje na punje pamejaa hewa iliyotulia. Kwa hiyo lundo la mahindi ni blanketi kubwa. Joto likizaliwa katikati yake halina njia rahisi ya kutoka.

Njia ya pili ni msafara. Hewa au maji yakipata joto hutanuka, huwa mepesi na kupanda juu, na mahali pake huchukuliwa na yale ya baridi. Miinuko yetu inaishi kwa jambo hili. Hewa yenye unyevu inayosukumwa na upepo kutoka mashariki hupanda miteremko ya Ngorongoro, hupoa kadiri inavyopanda, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Hivyo upande wa mashariki una misitu, na upande wa magharibi kuelekea Olduvai ni mkavu. Usiku hewa iliyopozwa miteremkoni huwa nzito na kutelemkia mabondeni. Mkulima mwenye shamba bondeni anajua kwamba alfajiri kwake ni baridi kuliko kwa jirani aliye juu kidogo.

Kwa ujumla, kila ukipanda mita 1,000 halijoto ya hewa hupungua kwa nyuzi 6 au 7. Kutoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ambako ni kama mita 1,030 juu ya usawa wa bahari, hadi kwenye kingo za kreta zilizo kwenye mita 2,300 hivi, tofauti yaweza kufika nyuzi 8. Ndiyo sababu kanuni ya kutunza vitunguu vya Mang'ola haiwezi kuwa kanuni ya kutunza mahindi ya Karatu neno kwa neno.

Njia ya tatu ni mnururisho. Joto la jua hutufikia kutoka umbali wa kilomita milioni 150 kwa kupita mahali pasipo na hewa. Kitu cheusi hupokea mnururisho kuliko kitu cheupe. Lakini wengi hawajui kwamba kila kitu nacho hutoa mnururisho wake, usiku na mchana. Usiku usio na mawingu, bati la ghala hunururisha joto lake kuelekea angani na kupoa hata kuliko hewa inayolizunguka. Kwa sababu hiyo asubuhi mnakuta umande juu ya bati, na mara nyingi pia matone chini yake, ndani ya ghala, yakidondokea magunia. Katibu hulalamika kwamba paa linavuja, fundi hupanda, na hapati tundu. Paa halivuji. Ule ni unyevu wa ghala lenyewe uliopanda kwa msafara na kugeuka maji ulipogusa bati la baridi.

MAJI NA JOTO LILILOFICHIKA

Maji yana tabia moja ambayo ni ufunguo wa jambo zima. Kilo moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 95 huhitaji kilojuli 315. Lakini kuigeuza kilo hiyo yote kuwa mvuke, bila kuongeza hata uzi mmoja wa halijoto, huhitaji zaidi ya mara saba ya kiasi hicho. Joto hilo halionekani katika kipimajoto. Limefichika ndani ya mvuke. Mvuke ukigeuka tena maji, hulirudisha lote.

Nimetaja nyuzi 95 kwa makusudi. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Ni kweli kwa watu wa pwani. Kadiri tunavyopanda, uzito wa hewa inayotukandamiza hupungua, na maji huchemka mapema, kwa kiasi cha uzi 1 kwa kila mita 300. Karatu mjini, penye mita 1,500 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kwenye kingo za kreta karibu na nyuzi 92. Kuongeza kuni hakutaipandisha halijoto hiyo, bali kutayamaliza maji tu. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva huku kwetu, na ndiyo maana kifuniko kizuri kina faida kuliko moto mkubwa. Wafugaji wasiwe na shaka: maziwa yaliyochemshwa hata kwenye kingo za kreta ni salama, kwa maana vijidudu vya hatari hufa katika nyuzi 72 kwa muda wa sekunde 15 tu.

Turudi kwenye mahindi. Kukausha ni kuyafukuza maji kwa kuyapa joto la kuwa mvuke. Kila kilo moja ya maji itokayo kwenye punje hudai kilojuli 2,400 au zaidi. Jua kali la saa sita mchana hutoa kilojuli 3,600 hivi kwa saa moja kwenye kila mita moja ya mraba, na sehemu kubwa ya hizo hupotea hewani na ardhini. Kwa hiyo anayemwaga mahindi yake kwa unene wa shubiri moja, akayaacha siku moja na kuyaita makavu, anajidanganya. Ya juu yamekauka, ya chini yangali na maji.

PUNJE HUPUMUA

Sasa nalijibu swali nililojiuliza juu ya lile lundo. Punje ya mahindi ni kitu chenye uhai. Inapumua kama sisi: huvuta oksijeni, huunguza wanga wake taratibu, na kutoa hewa ya kaboni, maji na joto. Punje kavu hupumua kwa uchache sana. Punje yenye unyevu mwingi hupumua kwa nguvu, na pamoja nayo hupumua kuvu na wadudu, ambao hupenda halijoto ya nyuzi 25 hadi 30.

Kilo moja ya wanga ikiliwa namna hii hutoa maji zaidi ya nusu kilo na joto lisilopungua kilojuli 15,000. Joto hilo, kama halikupata pa kutokea, latosha kupandisha tani nzima ya mahindi kwa nyuzi 7 hivi. Tazameni basi mzunguko wenyewe: unyevu huleta pumzi, pumzi huleta joto na unyevu mwingine, navyo huongeza pumzi. Na kwa kuwa lundo ni blanketi, joto hubaki mle mle. Hewa ya moto hupanda ikibeba mvuke, hukutana na magunia ya juu yaliyo baridi, na kuyalowesha.

Hasara si ya uzito peke yake. Kuvu fulani hutoa sumukuvu, ambayo haionekani, haina harufu ya kutegemewa, wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 1969 au 2020, sumu ni sumu. Lakini tusisahau mwaka 2016, ambapo katika mikoa ya Dodoma na jirani zetu wa Manyara watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu.

HESABU YA KILO

Ndugu Makatibu, kuweni na kalamu mkononi kwa sehemu hii.

Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18 lina maji kilo 18 na mahindi halisi kilo 82. Likikauka hadi asilimia 13.5, ambayo ndiyo kiwango cha juu kinachokubaliwa kwa mahindi katika nchi za Afrika Mashariki, zile kilo 82 hazibadiliki. Sasa ndizo asilimia 86.5 ya uzito wote. Gawanya 82 kwa 0.865, utapata kilo 94.8. Kwa hiyo kila gunia limepoteza kilo 5.2 bila mtu kuligusa.

Kwa magunia 200, upungufu ni kilo 1,040, yaani zaidi ya magunia kumi. Kama chama kilimlipa mwanachama kwa kilo 100 na kikamwuzia mnunuzi kilo 94.8, basi chama kilinunua maji kwa bei ya mahindi. Na kama unyevu haukuandikwa siku ya kupokea, Katibu hana la kujitetea.

Kanuni ni hii: toa asilimia ya unyevu wa mwanzo kutoka 100, toa asilimia ya unyevu wa mwisho kutoka 100, gawanya jibu la kwanza kwa la pili, kisha zidisha kwa uzito wa mwanzo. Upungufu unaozidi hesabu hiyo ndio unaohitaji maelezo mengine.

KUPIMA KABLA YA KUHUKUMU

Juu ya joto, sisi Watanzania tunao ushuhuda wetu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, aliweka maziwa ya moto yenye sukari ndani ya friza ili kutengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake wakamdhihaki. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye alishangaa, lakini badala ya kucheka aliagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo, na mpaka leo inaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu wangali wakibishana kama jambo hilo hutokea siku zote na kwa sababu ipi. Lakini funzo kwetu halimo katika ubishi huo. Funzo ni kwamba swali la mtu mdogo lilistahili kupimwa, si kuchekwa.

Mimi pia katika lile ghala nilipima. Tuliyashusha magunia moja moja na kuyapitisha mizanini. Ya pembeni yote, pamoja na yale ya nyuma ukutani ambayo mtu asingeweza kuyafikia bila kubomoa lundo, yalipungua kilo nne hadi tano, na mshono wake ulikuwa uleule. Ya ndani zaidi yalipungua kidogo. Ya katikati kabisa yalikaribia kilo 100, lakini yalikuwa yameshikana kwa kuvu. Hakuna mwizi anayechota kwa mpangilio kama huo. Kisha kwa bambo nilichota kilo kumi kutoka magunia ya ndani ambayo hayajaharibika, tukazianika juani mbele ya ofisi, chini ya ulinzi wa wajumbe wawili, mpaka kipima unyevu cha mnunuzi kilipoonyesha sawa na yale ya pembeni. Tulipopima tena tulipata kilo tisa na nusu, pungufu kidogo. Yule mzee wa fimbo ndiye aliyesoma mizani kwa sauti.

MAMBO YA KUTEKELEZA

Kutokana na hayo, nawashauri viongozi wa vyama watekeleze yafuatayo.

1. Unyevu upimwe siku ya kupokea na uandikwe katika leja na katika stakabadhi, kando ya uzito. Asiye na kipima unyevu atumie chupa kavu ya kioo: tia mahindi pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yasipokelewe. Isipoganda, bado anika zaidi kabla ya kuhifadhi, maana asilimia 15 si kavu ya kutosha.

2. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya ardhi tupu, kwa unene usiozidi sentimita 4, na yageuzwe mara kwa mara. Jioni yafunikwe kabla umande haujaanguka. Mahindi ya mbegu yasikaushwe kwa halijoto inayozidi nyuzi 43, kwa maana kiini chake kitakufa.

3. Magunia yapangwe juu ya chaga, yaachane na ukuta kwa nafasi ya mtu kupita, wala yasikaribie bati kwa chini ya mita moja. Malundo madogo mawili ni bora kuliko kubwa moja, kwani joto hupata njia fupi ya kutoka.

4. Madirisha ya hewa yafunguliwe nyakati za hewa kavu, na yafungwe wakati wa mvua na ukungu. Kuingiza hewa ya ukungu ghalani ni kuleta maji kwa mkono wako.

5. Kila wiki nondo ipenyezwe katikati ya lundo, iachwe robo saa au zaidi, kisha ichomolewe na kushikwa. Chuma hupitisha joto; kitakueleza habari za ndani. Mwenye kipimajoto na aandike nyuzi. Katikati pakizidi pembeni kwa nyuzi 5, mimi huhesabu kuwa ni dalili ya hatari: lundo livunjwe na mahindi yaanikwe upya bila kungoja kikao.

6. Mifuko isiyopitisha hewa ni msaada mkubwa dhidi ya wadudu, lakini itumike kwa mahindi makavu tu. Mfuko huo haukaushi. Hufungia ndani kile ulichokitia.

HITIMISHO

Mtapenda kujua yaliyompata Katibu yule. Mkutano ulikubali kwamba hakuiba, naye akaendelea na kazi. Hata hivyo hakuachwa bila onyo, kwa sababu alipokea mahindi mabichi ili asiwaudhi wanachama waliokuwa na haja ya fedha za ada za shule. Na wanachama wenyewe walikiri kwamba ndio waliomshurutisha. Magunia ya katikati yalizikwa. Hasara ikabebwa na wote, wa haki na wasio wa haki, kama ilivyo desturi ya ushirika. Nami nilifuta lile neno katika daftari langu kwa raba, ila alama yake ya penseli ingali inaonekana nikiligeuza karatasi kwenye mwanga, nami sikuichana karatasi hiyo.

Wahenga walisema pia kwamba akiba haiozi. Walisema hivyo juu ya akiba iliyotunzwa. Kipima unyevu kimoja chaweza kununuliwa kwa mchango wa vyama viwili au vitatu vilivyo jirani, na nondo haikosekani katika kijiji chochote. Msimu wa kupokea mazao haujafika. Basi jambo hili liwekwe katika ajenda ya kikao kijacho cha Bodi, na leja mpya zichorwe safu ya unyevu kando ya safu ya uzito.